Kidagaa Kimemwozea: tamaa mbili katika ukoo mmoja

Nakala yangu ya Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyotolewa na Target Publications mwaka 2012, niliinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika kando ya barabara. Aliyekuwa nayo kabla yangu bila shaka alikuwa mwanafunzi, kwa maana kurasa zimejaa mistari ya penseli, na pembeni kumeandikwa "tashbihi", "kinaya", "sifa za mhusika". Riwaya hii ilitahiniwa katika kidato cha nne nchini Kenya kwa miaka kadhaa, na naamini mtihani huo uliidhulumu, kwani wengi waliikariri badala ya kuisoma, kisha wakaachana nayo siku waliyoweka kalamu chini. Mimi nimeirudia nikiwa mtu mzima, na nimeona ni riwaya inayoeleza kwa undani jinsi hamu ya makuu inavyomwinua mtu na inavyomla.

Kisa kinatokea Sokomoko. Amani, kijana msomi asiyetaka kujulikana, anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na mwenzake Imani anapata kazi ya kuwalea watoto wenye ulemavu wa Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi. Kwa njia hiyo tunaingizwa katika nyumba mbili za ndugu wawili, kila mmoja na tamaa yake. Mtemi anataka ardhi na kutukuzwa. Majisifu anataka jina.

Tamaa ya Mtemi tumeizoea: hati za ardhi zilizoghushiwa, watu waliopokonywa makao, binti wa shule aliyeharibiwa maisha, mtumishi asiyefikia thamani ya mbwa wa bwana wake. Hasira ya mwandishi ni ya haki, lakini ameichora picha hii kwa mkono mzito, na mara kadhaa nilijua Mtemi atafanya nini kabla hajafanya.

Majisifu ni habari nyingine kabisa. Mswada wa Amani uliopelekwa kwa mchapishaji uliangukia mikononi mwake, akautoa kwa jina lake mwenyewe, na watu wakamsifu kuwa mwandishi bingwa. Mswada huo unaitwa Kidagaa Kimemwozea, maana yake kitabu alichokishika msomaji ndicho kilichoibwa! Nilipolitambua hilo nilifunga kitabu, nikalitazama tena jalada lake kwa muda. Pembeni mwa ukurasa mmoja unaomhusu Majisifu, yule mwanafunzi ameandika "mwizi" na kupigia neno hilo mistari miwili. Ni kweli, lakini haitoshi. Majisifu anaipenda fasihi kwa dhati. Anajua kitabu kizuri ni kipi, na ndiyo sababu alijua cha kuiba. Kosa lake ni kutaka heshima ya mavuno bila kulima. Tangu hapo hana raha: anazama katika ulevi, anaingia darasani hajiwezi, na mwaliko wa kwenda kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Wangwani, ambao kwa mwandishi wa kweli ungekuwa siku ya fahari, kwake unakuwa mzigo asioweza kuubeba. Sijasoma kurasa nyingi za Kiswahili zinazoonyesha kwa uchungu kiasi hicho hali ya mtu anayepongezwa kwa jambo analojua hakulifanya.

Ni muhimu kusema kwamba riwaya hailaani kila hamu ya kufika mbali. Kiswahili chenyewe kina tamaa na uchu, lakini pia kina ari na azma, na Walibora anaujua mpaka huo. Madhubuti, mwana wa Mtemi aliyesomea Urusi, anakataa kubebwa na cheo cha baba yake na kutaka kula jasho lake. Amani naye anataka makuu: ameandika kitabu, anataka ukweli kuhusu ukoo wake ujulikane, na hataki kuupata kwa kumwangamiza mtu.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya kitabu. Amani amefanywa mwema kupita kiasi. Anaonewa, anapigwa, anafungwa, na bado anasamehe kabla msomaji hajamaliza kukasirika kwa niaba yake. Nilitamani kumwona usiku mmoja tu akijaribiwa kulipiza kisasi, ili nisadiki kwamba ari yake iliwahi kupimwa motoni. Katika Siku Njema, riwaya ya Walibora ya mwaka 1996, Kongowea anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta babake anachoka, anaumia na kukata tamaa, na kwa sababu hiyo mafanikio yake yana uzito ambao ya Amani hayana.

Lugha ni tamu, ingawa methali wakati mwingine zinapandana, na msimulizi ana tabia ya kutueleza funzo tulilokwisha kuliona. Mwalimu anayetaka kujadili na vijana juu ya kuiba kazi za wengine hatapata kitabu kinachofaa kuliko hiki. Aliyekisoma kwa ajili ya mtihani ninamwomba akitafute tena, apite haraka kwenye vitimbi vya Mtemi, kisha atulie nyumbani kwa Majisifu, amsome taratibu mtu huyo aliyepata jina alilolitamani na kushindwa kuishi nalo.