Frozen Four, Saint Paul: chukueni viti vya juu

Hoki niliyoizoea mimi ni ya nyasi, ya Mombasa Sports Club, ambako mpira unauona unakokwenda. Hii ya barafu, miaka yote niliyokaa Minnesota nikiikuta kwenye televisheni nahamisha chaneli. Safari hii mpwa wangu wa miaka 14, aliyezaliwa huku na anacheza, alinishika shati: Frozen Four, yaani fainali za timu nne za mwisho za hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani, ziko hapa hapa uwanja wa Xcel Energy Center (jina lake wakati huo), nami nasema sina nafasi? Nikatoa pesa. Ilikuwa Alhamisi, 11 Aprili 2024, Idi pili, na mfuko ulishakamuliwa jana yake.

Tiketi ya Alhamisi inakupa nusu fainali zote mbili, kwa hiyo ukipiga hesabu ya saa utakazokaa, bei inavumilika. Viti vyetu vilikuwa juu, karibu na paa, nikanuna. Nilikosea. Paki ni kisahani cheusi cha mpira kinachojaa kiganjani tu. Ukikaa chini nyuma ya kioo unaambulia migongo na vishindo. Juu unaona pasi zinavyopangwa. "Mjomba, usiifuate paki, tazama wale wasio nayo," mpwa akaniambia, na hapo ndipo macho yalinifunguka.

Sauti nayo televisheni haikupi. Viatu vikikata barafu ni kama mtu anakuna nazi kwa mbuzi, haraka haraka. Paki ikigonga ubao wa pembeni, utadhani mlango wa kontena umebamizwa Kilindini.

Denver na Boston University wakaenda muda wa nyongeza, na huko bao la kwanza ndilo la mwisho. Tristan Lemyre alilifunga, 2-1, mimi nimeinama natafuta kofia chini ya kiti! Baadaye Boston College wakaichapa Michigan 4-0, mechi ya upande mmoja, nusura nisinzie.

Kilichonishangaza zaidi ni watu. Timu ya wenyeji, Minnesota, ilishatolewa mapema na hao hao Boston University, nikadhani viti vitakuwa wazi. Wapi! Watu wamejaa, tena wamevaa jezi za vyuo ambavyo havikufuzu: North Dakota, Wisconsin, Minnesota Duluth. Ni kama uende kutazama Gor na Leopards ukute nusu ya jukwaa wamevaa Bandari. Mzee mmoja nyuma yetu, jezi ya kijani imepauka, alitueleza kila filimbi ya refa bila kuombwa, na popkoni yake tukaimaliza sisi. Bendi za vyuo nazo hazikupumzika, tarumbeta juu ya tarumbeta.

Jumamosi ndiyo fainali. Boston College walikuja kama timu namba moja ya mashindano, wakaondoka bila bao. Denver 2-0, yote kipindi cha pili kati ya vitatu, la kwanza la Jared Wright, kijana wa Burnsville hapo kusini, basi wenyeji wakapata wa kumshangilia. Lakini mechi ilikuwa ya kipa Matt Davis. Aliokoa 35, zaidi ya nusu yake katika kipindi cha mwisho, Boston wamemzingira, mpwa amenishika mkono ananifinya. Lilikuwa taji la 10 la Denver. Walikuwa sawa na Michigan kwa 9, hapo wakabaki peke yao kileleni.

Lawama yangu ni ya nje ya uwanja. Alhamisi tuliegesha kwenye kiwanja kimoja cha watu binafsi, kibao kinasema bei hii, mlinzi anasema nyingine. Jumamosi tukapanda treni ya Green Line mpaka katikati ya mji, tukatembea kidogo, yakaisha. Na vaeni sweta moja tu. Nilivaa koti la theluji nikatoka jasho huko juu.

Fainali za 2025 zilipangwa St. Louis. Mpwa alishamwambia mamake kwamba mjomba amekubali kuendesha gari.