Treni ya behewa moja ya Tenhama, Shizuoka: uzoefu wangu

Wadau mnaopanga kwenda Japani, naomba mnisikilize kidogo. Kila mtu anaposti Shinkansen, zile treni za mwendo kasi, na kweli Shinkansen ni moto, ila mkishuka Kakegawa msikimbilie kuunganisha ya Kyoto. Pembeni hapo kuna kistesheni cha reli ya Tenryu Hamanako, wenyeji wanaiita Tenhama, kilomita 67.7 mpaka Shinjohara, na mara nyingi treni yenyewe ni behewa moja tu. Moja! Urefu kama mita 18 hivi, injini ya dizeli iko chini ya sakafu, chumba cha dereva kipo mbele na nyuma kwa hiyo wakifika mwisho wa safari hakuna kugeuza kitu, dereva anahamia upande wa pili mnarudi.

Kupanda ni kama basi. Unaingia mlango wa nyuma, unachukua kikaratasi chenye namba kwenye mashine, mbele kuna ubao unaokuonyesha namba yako inadaiwa yen ngapi na kadiri mnavyokwenda nauli inapanda, ukifika unashukia mlango wa mbele unatumbukiza kikaratasi na hela kwenye boksi la nauli karibu na dereva. Konda hakuna. Ushauri wangu beba sarafu, na kama una noti vunja mapema treni ikiwa imesimama, usisubiri stesheni yako ndo uanze kupekua mifuko huku wazee wa watu wamepanga foleni nyuma yako.

Mimi nilikaa mbele kabisa na sijutii. Dereva kavaa glavu nyeupe, kila taa ya ishara njiani anainyooshea kidole na kuitamka kwa sauti, peke yake, hata kwenye vistesheni ambavyo hapandi mtu hashuki mtu. Nidhamu ya namna ile kwenye behewa lenye wanafunzi wachache na bibi mmoja na mboga zake, kwa kweli ilinigusa sana. Afu injini ikipandisha kilima unaisikia miguuni, inanguruma haswa, na kama unapenda kulala safarini basi hii siyo yako, mi nilikuwa naifurahia tu.

Sasa kinachonifanya niipende zaidi ni hiki. Reli hii ilikamilika 1940, jeshi liliogopa daraja la njia kuu kule pwani, kwenye ziwa Hamana, likipigwa basi nchi inakatika vipande viwili, wakataka njia ya kuzungukia upande wa kaskazini wa ziwa. Vita vya Pili vya Dunia vikaisha, watu wakanunua magari, na miaka ya 80 shirika la reli la taifa lililokuwa limezama kwenye madeni likatakiwa kuachana na njia 83 za vijijini, nyingi zikafutwa watu wakapewa mabasi. Hii ikachukuliwa mwaka 1987 na kampuni iliyowekewa hela na serikali za mitaa pamoja na watu binafsi, na mabehewa ya kuanzia yalitoka Fuji Heavy Industries, haohao wa Subaru, ambao walikuwa wanaunda mabodi ya mabasi wakahamishia ujuzi ule kwenye reli. Mepesi, mafuta kidogo, dereva mmoja. Yani mimi naona behewa dogo ndo lililoiokoa njia, maana ukilazimisha treni ya mabehewa manne kubeba watu kumi na tano utafunga tu, hata uwe na moyo wa namna gani. Haya ya sasa wanayaita TH2100, yametoka kiwanda cha Niigata, ni imara zaidi na yametulia kwenye reli kuliko nilivyotegemea.

Shukeni Tenryu-Futamata. Kuna sahani kubwa ya chuma ya kugeuzia injini na banda la mbao la nusu duara, vyote toka enzi za treni za moshi na bado vinafanya kazi, na wana ziara ya kutembeza wageni. Nilisimama pale nikatazama behewa linazungushwa polepole na nilitamani wanangu wangekuwepo.

Baada ya hapo mnavuka mto Tenryu, baadaye ndo ziwa linatokea, ukitokea Kakegawa kaa kushoto. Stesheni ya Hamanako-Sakume imegusana kabisa na maji na wakati wa baridi shakwe wanajaa pale kwa makundi, watu wanakuja kuwalisha. Mbele kidogo ni Mikkabi, nyumbani kwa machungwa madogo matamu sana.

Safari nzima inazidi masaa mawili na treni hazifuatani, kwa hiyo piga picha ratiba kabla hujashuka popote. Shinjohara unaunganisha na njia ya Tokaido, ile njia kuu ya pwani. Nawapa nyota tano, na kama mna siku moja tu ya ziada Japani itumieni hapa.