Shure SM57 kwa gitaa na udi ndani ya nyumba za mawe: uzoefu wangu

Maiki hii nimeitumia kwa gitaa kavu, gitaa la umeme na udi (ala ya nyuzi ya taarabu), karibu kila mara katika vyumba vya Mji Mkongwe. Kwa chumba chenye kuta za mawe na chokaa, dari la juu na sakafu tupu, naichukua SM57 kabla ya kondensa yoyote (aina ya maiki yenye usikivu mkali) ya bei yake, ambayo ni kama dola 100. Sababu ni kwamba haisikii mbali. Kondensa itakuletea gitaa pamoja na mwangwi wa ukuta, pikipiki ya uchochoroni na kunguru walioko juu ya bati.

Kwenye gitaa kavu, kosa ninalolikuta zaidi ni maiki kuelekezwa moja kwa moja kwenye shimo. Hewa ya ndani ya sanduku hutetemeka kwa nguvu hapo, aghalabu kwenye hezi 100 hivi, na maiki za aina hii nazo hukuza besi kila zinaposogezwa karibu. Matokeo yake noti moja ya chini inavuma kuzishinda nyengine zote. Anza na sentimita 20 kutoka kwenye gitaa, usawa wa freti ya 12 (kile kichuma cha kumi na mbili shingoni), halafu uso wa maiki uelekee pale shingo inapoungana na sanduku. Ikivuma, usikimbilie programu: irudishe hadi sentimita 25, au igeuze ielekee zaidi shingoni. Sauti ikiwa nyembamba, isogeze kuelekea shimo sentimita mbili mbili. Mpigaji arejee kifungu kilekile, nawe ukiwa na hedifoni masikioni uisogeze stendi huku unasikiliza. Sentimita mbili zinasikika kabisa.

Zaidi ya sentimita 30, chumba cha mawe kinaanza kuimba kuliko gitaa. Dawa yake ni godoro la sufi, tena mawili kama yapo, yasimamishwe nyuma ya mpigaji. Wengi huyaweka nyuma ya maiki na kushangaa hakuna kilichobadilika. Mgongo wa SM57 karibu ni kiziwi, wakati uso wake unamtazama mpigaji na ukuta ulio nyuma yake. Kanga na mapazia mepesi hukata sauti kali tu na kuiacha besi izunguke chumbani. Uziwi huo wa mgongo utumie kwa dirisha: maiki ilipe mgongo. Pangaboi na friji zizimwe, na kazi ya kudonoa nyuzi kwa vidole ipange baada ya Isha, adhana zote zikishapita na njia zimetulia.

Udi unataka subira zaidi. Maiki hii hunyanyua sauti za kilohezi 5 hadi 6, jambo linalolipa gitaa uwazi, lakini kwenye udi mgongano wa risha (kipigio cha nyuzi) na ubao husikika kama mtu anayegonga meza. Iweke sentimita 20 hadi 25, ielekee baina ya shimo kubwa na mahali risha inapopiga, kisha uilaze pembeni kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 ili pigo la risha lisiingie usoni moja kwa moja. Mpigaji wa udi huinamia chombo chake, kwa hiyo maiki itokee chini kidogo ya usawa wa mkono. Ikitokea juu utarekodi pumzi zake.

Gitaa la umeme ndilo rahisi: sentimita 3 kutoka kwenye wavu wa spika. Katikati ya koni sauti ni kali, ukingoni ni nzito. Mimi huanza nusu ya njia.

Jambo la kulijua kabla ya kununua ni geini, yaani kiasi cha kuikuza sauti ya maiki. Sauti inayotoka kwenye maiki hii ni ndogo. Gitaa la kudonoa kwa vidole linataka karibu desibeli 60. Ikiwa intafesi yako (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) inaishia 50, utaipandisha mwisho na kupata mvumo. Kuna kikuza sauti kidogo kinachopachikwa kwenye waya na kuongeza desibeli 20 hadi 25, nacho hutaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi.

Ukiongeza maiki ya pili, angalia umbali. Tofauti ya sentimita 17 baina ya maiki mbili na chanzo cha sauti hufuta sauti za kilohezi 1, na gitaa hubaki na tundu katikati. Sikiliza zote mbili katika mono (zikichanganywa kuwa sauti moja), geuza fezi ya moja (mawimbi yake yapinduliwe), chagua upande wenye besi iliyojaa.

Unyevu wa masika hauisumbui kama unavyoisumbua kondensa, ambayo huanza kutoa sauti za kupasukapasuka na kuchakarisha. Kutu ya chumvi hata hivyo hushika pini za waya, hivyo nazifuta kwa alkoholi ya isopropili kila mwezi na kuihifadhi maiki ndani ya kopo lenye vifuko vya silika.

Bandia zimejaa sokoni. Nenda na mizani ndogo ya jikoni: halisi ina gramu 284, na bandia nyingi ni nyepesi kwa sababu ndani hazina transfoma.