Seti ya choki ya umeme kwa Weber 32/36: ni nzuri, ila thamostati kwanza

Choki ya maji ya Weber 32/36 DGAV, kabureta ya Ford Cortina na Escort RS2000 za lita 2, ina sifa mbaya Nairobi, na sehemu kubwa ya lawama hizo haistahili. Choki hubana hewa ili injini baridi iwake, na hii huachia pale maji ya injini yanapopata moto. Sasa mafundi wengi hung'oa thamostati, vali inayozuia maji yasizunguke mpaka yapate moto, "ili gari lisichemke". Maji hayapati moto upesi, springi ya choki haiachii, na gari linakwenda kazini likitoa moshi mweusi huku plagi zikijaa masizi. Kabla ya kununua chochote, rudisha thamostati. Huenda tatizo likaishia hapo.

Lisipoisha, au kama njia za maji kwenye choki zimeoza kwa kutu, seti ya umeme ni suluhisho zuri. Ndani yake kuna kofia yenye springi na kipasha joto cha volti 12, basi. Kwenye DGAV kofia hii huchukua nafasi ya ile ya maji. Kama yako ni DGV, ile ya kuvuta kwa waya, usikubali kuuziwa kofia peke yake pale Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri: unahitaji seti nzima yenye nyumba ya choki na vyuma vyake vya kuunganisha.

Pima kofia kabla ya kulipa. Weka mita ya umeme kati ya kidole cha umeme na upande wa athi. Isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Ikisoma omu 8, itavuta ampia 1.5, kwa hiyo fyuzi ya ampia 5 inatosha.

Kuifunga si kazi ngumu. Injini ikiwa baridi, toa mipira miwili ya maji kisha iunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba chenye klipu. Ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa, maana skrubu tatu za kofia ni ndogo na zina tabia ya kudondoka panapouma. Rudisha kile kisahani cha plastiki cha ndani, nasa kitanzi cha springi kwenye mkono wa choki, halafu kaza skrubu nusu tu. Nyuzi za aluminiamu hazisamehi ukikaza kupita kiasi.

Kuseti ndiko kunakowashinda wengi. Kanyaga pedeli ya mafuta kidogo ili vyuma viachie, kisha zungusha kofia mpaka vipepeo vya choki, vile visahani vinavyoziba hewa, viguse tu kufunga. Usiongeze hapo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari; hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangiwa usawa wa bahari tayari inatia mafuta mengi kuliko inavyopaswa. Choki iliyokazwa kwa baridi ya Ulaya itakuzamishia plagi hata asubuhi ya Julai. Tungeilegeza kidogo kuliko alama ya kiwandani, kisha kupima: injini ikiwaka, vipepeo viwe vimesimama wima baada ya dakika tatu hadi tano. Vikichelewa, legeza zaidi. Injini ikizimazima baada ya dakika moja, rudisha kidogo.

Umeme nao una mtego. Mafundi hupenda kuchukua waya kwenye koili ya kuwashia plagi kwa sababu iko karibu. Ford hizi zina waya wa kupunguza umeme kuelekea koili, kwa hiyo choki hupata volti pungufu, hufunguka polepole, na huinyang'anya koili kilicho chake. (Beetle hulisha choki yake kutoka kwenye koili bila shida kwa sababu haina kipunguzi hicho, ndiyo maana fundi wa Beetle atakubishia.) Njia bora ni rilei, swichi inayowashwa kwa umeme (namba ni za vidole vyake): 30 kwenye betri kupitia fyuzi, 87 kwenye choki, 85 kwenye athi, 86 kwenye waya wa taa ya chaji ya alteneta. Hivyo choki hupata moto pale tu injini inapozunguka. Ukiuchukua umeme kwenye swichi ya ufunguo pekee, kuacha ufunguo umewashwa ukiongea na simu kutafungua choki wakati injini ingali baridi.

Kofia haiji na kiwambo cha vakyumu, ngozi inayovutwa na mnyonyo wa injini, kinachofungua vipepeo milimita chache mara tu injini inapowaka. Kikiwa kimepasuka, moshi mweusi utaendelea hata na kofia mpya, na fundi atalaumu kofia. Kikague ukiwa bado umefungua.

Kwa gari la kutolewa Jumapili tu, choki ya kuvuta kwa waya ni rahisi zaidi na haina cha kuungua. Seti ya umeme inalifaa gari la kila siku, hasa linaloendeshwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa sababu daima mmoja wao husahau kurudisha kile kitufe cha choki ya kuvuta.