Usiku mmoja Masaki, asubuhi moja Lugalo

Kulipia hoteli ukalale Masaki wakati nyumba yako iko Mbagala ni jambo ambalo mama yangu hadi leo hajalielewa. Lakini Mama Nuru, mke wangu, alishaamua. Ndoa inatimiza miaka kumi, na amechoka kuniona nikikodolea macho gofu kwenye televisheni kila Jumapili. Akachukua kifurushi cha hoteli moja ya kifahari: usiku mmoja kwa watu wawili, chai ya asubuhi, usafiri wa kwenda na kurudi viwanja vya gofu vya Lugalo, fimbo za kukodi na mchezo wa mashimo tisa.

Bei walimtajia kwa dola. Yeye ni mhasibu. Akawakumbusha kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ikageuka shilingi, laki tisa na ushee.

Chumba sina neno nacho. Bahari iko dirishani, shuka zimenyooka, na usiku kucha sikusikia honi hata moja. Chakula cha jioni ndicho kilichotutoa: kipande cha samaki changu ukubwa wa kadi ya mpiga kura, juu yake jani. Tukachukua bajaji mpaka ufukwe wa Coco tukala mihogo ya kukaanga na mishikaki, pilipili mpaka machozi.

Asubuhi gari lilikuwa liondoke saa 12. Dereva alifika saa moja kasoro, akaomba radhi, tukaenda kukutana na foleni ya Mwenge ikiwa imeshakolea. Viwanja vya Lugalo ni vya JWTZ, na unaona nidhamu tangu getini. Nyasi zimekatwa, watu wanasalimiana, Agosti ile upepo wa kusi unapuliza kidogo. Nikajiona bwana mkubwa. Nikafungua begi la fimbo za hoteli.

Zote za mkono wa kulia. Mimi mashoto, na Mama Nuru aliwaambia hivyo mara mbili kwa simu. Kwa asiyejua: fimbo ya gofu ina uso mmoja tu wa kupigia, kwa hiyo huwezi kuigeuza kama jembe. Dereva akapiga simu hotelini, akajibiwa kwamba "wengi huwa wanazoea."

Aliyeniokoa ni kedi, yaani mbeba fimbo wa kiwanjani, kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakusema mengi. Alizunguka nyuma, akarudi na fimbo saba za mashoto alizomwazima mzee mmoja mwanachama. Begi linaruhusiwa fimbo 14, lakini kwa kiwango changu hata saba zilikuwa nyingi.

"Kaka, usiufuate mpira kwa macho. Kazi ya kuutazama niachie mimi."

Ushauri huo peke yake ulinifaa kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Nilikuwa nainua kichwa kabla fimbo haijagusa mpira, ndiyo maana naukata juu unabingirika hatua kumi. Alinifundisha pia kutoka kwenye banka, lile shimo la mchanga: usipige mpira, piga mchanga nyuma yake kidogo, mchanga ndio uutoe. Mara ya nne ukatoka. Shimo la tano kunguru akashuka, akaubeba mpira wangu uliokuwa umetulia, akapaa nao. Nikadhani nimeadhibiwa. Kedi akacheka, akaweka mwingine palepale: mnyama au ndege akichukua mpira uliosimama, unarudisha mahali pake bila adhabu.

Kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo ndiko nilikoaibika. Shimo lina upana wa milimita 108, mpira hata 43 haufiki. Mipira miwili inapita sambamba. Wangu mmoja ulikataa mara tano. Nilimaliza mashimo tisa kwa mikwaju 81, idadi ambayo wenye mchezo wao huitumia kumaliza 18.

Kurudi hotelini, bili ina mstari wa pili wa kukodi fimbo, zile zile ambazo hazikutoka begini na ambazo tulishazilipia kwenye kifurushi. Mama Nuru hakupaza sauti. Aliomba kalamu, akaukata, akasubiri meneja aje kusaini.

Kama unataka kulala vizuri, kalale. Kwa gofu, nenda kiwanjani mwenyewe, panga na kedi, mpe chake mkononi. Mimi Jumamosi narudi Lugalo na bajaji, na yule mzee amesema fimbo zake zitakuwepo.