Etiketi za chupa: mashine ya mkono au ya umeme?

Wanaofungasha asali na pilipili hapa Bukavu huniuliza kila mara: ninunue mashine ya kubandika etiketi ya mkono au ya umeme?

Kwa bei, ya mkono ni nafuu, tena kwa mbali. Unazungusha mpini, chupa inaviringika, etiketi inabanduka kwenye karatasi yake na kunata. Umeme ukikatika Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, kazi haisimami. Lakini mkono huchoka, na mkono uliochoka hupindisha etiketi.

Ya umeme ina jicho linalosoma nafasi kati ya etiketi na etiketi, kwa hiyo chupa ya kwanza na ya mia zinafanana. Hapo haina mpinzani. Ila etiketi angavu, ile inayoonyesha kilicho nyuma yake, hulidanganya jicho la kawaida, na likiharibika, kipuri huagizwa mbali.

Matunzo yanakaribiana: futa gundi kwenye rola kwa alkoholi. Na tafadhali, kaushani chupa kwanza! Asali iliyochuruzika huharibu kazi ya mashine yoyote.

Mama anayejaza chupa chache kwa wiki, ya mkono inamtosha kabisa. Ushirika wenye jenereta na oda za maduka ya Goma, ningeuambia uchangishane kwa ajili ya ile ya umeme.