Darubini ya inchi 8 nimeipeleka Hombolo kutafuta galaksi ya NGC 1365: nyota 4 kati ya 5

Wadau mlioniuliza kama hii darubini (inchi 8 ni upana wa kioo chake) ni mali au urembo wa sebuleni, ni mali, ila ile picha kwenye boksi isahauni kabisa. Boksi lina galaksi yenye mikono ya bluu na madoa ya pinki, na muuzaji alikuwa anaapa "utaiona hivihivi bosi", hapo ndo nilipomkata nyota moja. Rangi zile ni za kamera iliyoachwa ikusanye mwanga muda mrefu, jicho la mtu gizani haling'amui rangi kwenye kitu hafifu vile hata ungenunua darubini ya bei gani.

Mimi nilikuwa naitaka NGC 1365 tu. Iko kundi la nyota la Fornax, umbali wa kama miaka ya nuru milioni 56 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), upana wake unafika miaka ya nuru 200,000 hivi, na katikati imekatizwa na mwamba wa nyota ulionyooka kama mwamba wa goli, halafu mikono inaanzia kwenye ncha za huo mwamba ndo inajikunja. Hata galaksi yetu ina mwamba ila sisi tumo ndani yake, hatuwezi kuuangalia kwa nje.

Mjini usijisumbue, tangu serikali ihamie Dodoma taa zimeongezeka balaa, upande wa Mtumba kwenye mji wa serikali ndo usiseme. Nikaibeba mpaka Hombolo, nje ya mji, kwa mjomba, Novemba kabla mvua haijaanza, tukasubiri upepo utulie na vumbi lishuke, maana saa mbili saa tatu huoni kitu cha maana. Saa tano na kuendelea Fornax iko juu vizuri. Lenzi ya kuchungulia ya milimita 25 inakuza mara 48, na hiyo inatosha.

Mjomba akachungulia, akasema "hiki kiukungu ndo umekitolea milioni mbili?" Nikamwambia mjomba usiikodolee, tupa jicho pembeni kidogo, maana pembeni mwa jicho ndo panaona vizuri gizani. Kakaa hapo weee, mara "aah, kuna kamstari!" Huo ndo mwamba wenyewe. Mikono mimi niliipata kwa kuhisi zaidi kuliko kuona, sitawadanganya.

Na msidharau kamstari hako. Gesi inasukumwa kufuata mwamba mpaka katikati, huko nyota mpya zinazaliwa kwa fujo na shimo jeusi (kitu chenye mvutano mkali mpaka mwanga hautoki) linapata chakula, lina uzito wa kama jua letu mara milioni 2, na mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kwamba linazunguka kwa kasi ya kutisha baada ya kupima mionzi yake ya eksirei kwa darubini za angani za NuSTAR na XMM-Newton. Darubini ya angani ya James Webb nayo imeipiga galaksi hii picha za infraredi zinazopenya vumbi, ukitaka mikono nenda kaangalie hizo. Ila aliyeigundua, James Dunlop, mwaka 1826 kule Parramatta Australia, alikuwa na kioo cha inchi 9 tu tena cha chuma, kwa hiyo hatuko mbali naye sana.

Sasa ubaya. Kitako ni chipubodi, ikinyeshewa imekwisha. Lenzi ya milimita 10 waliyoweka humo ni ya kulipua, nyota za pembeni zinavutika. Vioo vinalegea ukipita barabara ya vumbi kwahiyo lazima uvisawazishe kabla ya kuanza, na maelekezo yake hayaeleweki, afadhali video za YouTube. Halafu darubini yenyewe ni nzito, bodaboda hakuna namna, tafuta bajaji au gari.

Kama huna pa kwenda nje ya mji, usinunue ya inchi 8, chukua ndogo uangalie mwezi na sayari zako kama Zohali, hela inayobaki weka mafuta.